Kuku Walipokataa Kitanda cha Mama

Jioni ya kwanza kuku wangu walipokataa kuingia ndani, nilidhani ni maringo. Walikuwa wamejipanga juu ya ua wa miiba kama akina mama wanaongoja baraza la chifu, wameligeuzia banda mgongo. Banda lenyewe nilikuwa nimelijenga kwa mikono yangu, jambo ambalo lingetosha kumtia kuku yeyote wasiwasi. Niliwashika mmoja mmoja nikawasukuma ndani. Wakatoka. Nikawasukuma tena, nikafunga mlango kwa waya. Wakaanza kulia, na haikuwa ile kelele ya kugombania fito. Ulikuwa mlio mdogo, wa chini kwa chini, kama wa mtu anayejaribu kulia bila kumwamsha mwenzake.

Jirani yangu, nyanya wa Kiturkana ambaye ua wake na wangu ni safu moja ya miiba, alikuwa amekaa kwenye ngozi yake akisuka kikapu cha majani ya mkoma. Aliniangalia nikihangaika mpaka nikamaliza.

"Kuku yako imeona kitu," alisema.

Nikamuuliza wameona nini.

"Mimi si kuku," akajibu, akaendelea kusuka.

Hapo nikahisi baridi, na baridi katika Lodwar si jambo la kusema ovyo. Nilijua banda lile limejengwa kwa mbao gani. Lilikuwa limejengwa kwa kitanda cha mama yangu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Wenzangu wa kidato cha nne walitawanyika kama punje za mtama sakafuni. Mimi nilibaki palepale nilipoangukia. Nina paneli ya sola juu ya mabati, nachaji simu za watu wanaotoka mbali, nawauzia mayai wenye nyumba za wageni huku Nawoitorong, na safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka kitini hadi kwenye mtungi wa maji. Katika nchi ambayo mwanamume hutambulika kwa ngamia wake, mimi nachunga ndege. Jirani yangu hajawahi kuuchoka mzaha huo. Akipata mgeni hunionyesha kwa kidevu, akamweleza kwa Kiturkana, na mgeni akanitazama kwa ile huruma anayotazamwa mtu aliyenyang'anywa mifugo yote usiku mmoja.

Kuku walikuwa wa mama. Mama alitoka magharibi akiwa msichana, ameajiriwa kuwa mpishi wa serikali. Walimpeleka Lokitaung kwanza, kisha wakamleta Lodwar, na hapa akakaa mpaka akastaafu na kuzeeka. Kutoka kwao alileta vitu viwili: imani kwamba mgeni asiyechinjiwa kuku hajakaribishwa, na kitanda cha mvule. Kitanda hicho kilisafiri juu ya lori la mahindi. Upande wa kichwani kilikuwa na ubao mpana wenye maua mawili ya kuchongwa, moja kubwa kuliko jingine. Mama alieleza kwamba fundi alikwenda kula chakula cha mchana katikati ya kazi.

Mtetea mwekundu wa shingo tupu alimpata baadaye, Kakuma. Alipewa na rafiki yake wa kanisani, mwanamke wa Sudan Kusini anayeuza mayai na unga ndani ya kambi ya wakimbizi. Walikuwa wamekutana kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, wakagundua kwamba wote wawili huimba sauti ya pili, na undugu ukaanzia hapo. Kuku huyo alipofika alikuwa anataka kuatamia. Mama akafanya kama walivyofanya mama yake na bibi yake: akamwekea mayai kwenye kikapu kikuukuu, akakisukuma chini ya kitanda. Kwao kuku anayeatamia halali nje. Nje kuna kicheche, kuna nyoka, na kuna majirani. Mahali salama ni chini ya mwenye nyumba.

Nitasema mapema kinachonisumbua, maana kukificha hakujanisaidia.

Mama alipougua, miguu ilitangulia, kisha kifua. Katika wiki zake za mwisho alianza kulalamika kwamba kuna kitu kinamtembea. Si maumivu, alisema; kinatembea. Hutembea taa ikizimwa, hasa mgongoni na kwenye mikono. Mara ya kwanza niliamka, nikamulika shuka kwa simu kutoka mwanzo hadi mwisho, nikamwambia, "Hakuna kitu, Mama." Mara ya pili nilimulika nusu. Baadaye nikawa najibu nikiwa kwenye godoro langu, kupitia ukutani: hakuna kitu, Mama, lala. Jirani yangu ndiye aliyekuwa akimwogesha, na aliona vipele, akasema ni joto, maana hapa joto ndilo hulaumiwa kwanza kwa lolote. Akina mama wa kanisa walikuja wakaombea chumba. Nami, kwa kuwa nimesoma, nikasoma zaidi kwenye simu, nikapata kwamba kuna dawa zinazoweza kumfanya mzee ahisi vitu visivyokuwepo. Nikatulia. Nilipenda jibu hilo. Lilikuwa halihitaji nisimame.

Kisha akaacha kulalamika. Nilimwambia jirani kwa furaha kwamba mama amepata nafuu. Hazikupita siku nyingi, mama akafariki. Tulimpeleka magharibi tukamzika kando ya mama yake, nikarudi Lodwar na begi moja, nikakikuta kitanda kimeningoja.

Kwetu kitanda cha marehemu hakilaliwi na mtoto wake. Hakuna aliyewahi kunieleza sababu, na mimi si mtu wa kudai sababu ya jambo linaloniruhusu kubaki kwenye godoro langu. Kuna mtu wa hoteli alikitaka. Nikamwambia kina kasoro. Shemeji wa magharibi akashauri kwa simu nikichome, nikajifanya simu imekatika. Kaburi lilikuwa mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Katika Lodwar yote, mama alikuwa amebaki kwenye mbao zile na kwa kuku wale. Basi kitanda kikasimama miezi mitatu katika chumba kilichofungwa, bila godoro, mimi nikipita mlangoni kwa upande.

Upepo ulipoangusha banda la zamani, nikapata wazo, na kwa kuwa mawazo hunijia mara chache niliona hili ni zuri mno. Mama alimlaza kuku chini ya kitanda ili amlinde. Vema: kitanda kiwalinde kuku wote. Ubao wa kichwani niliusimamisha mzima uwe ukuta wa nyuma, maua yakitazama ndani. Miguu ikawa nguzo. Chaga zikawa fito za kulalia. Sikufungua hata bolti moja ambayo sikulazimika kuifungua, kwa heshima na kwa uvivu, na sijui ni kipi kilikuwa kikubwa. Jirani alizunguka banda mara moja, akagusa ua lililo kubwa, akasema kuku zangu sasa zinalala pazuri kuliko mimi. Nilicheka. Nilidhani mama angecheka pia.

Wiki ya tatu ndipo walipopanda juu ya miiba na kukataa.

Sikumwambia mtu nilichokuwa nafikiri. Kila jioni niliwabeba kuku wakilia, na kila asubuhi nilipofungua waya walitoka mbio wakikimbia ukuta ule wa maua, wengine wakijidonoa chini ya mabawa kama waliomwagiwa upupu. Kilemba cha jogoo, kilichokuwa chekundu kama pilipili, kikapauka. Mayai yakaanza kuwa na vidoa vidogo vya damu juu ya ganda, kama aliyeyashika ana kidonda kidoleni. Niliyafuta kwa kitambaa kabla ya kuyapeleka, na nikaomba asiniulize mtu.

Halafu ikaanza kwangu. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti changu baada ya kuwafungia, na kitu kikanitembea mkononi, kutoka kwenye kifundo kuelekea kiwikoni, polepole, kama anayetafuta anwani. Nilikunja shati nikatazama chini ya taa.

"Hakuna kitu," nikasema kwa sauti.

Nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Maneno hayo yalikuwa na mwenyewe. Nilikuwa nimeyasema mara nyingi kupitia ukuta uleule, na sasa, niliposikiliza, upande wa pili ulikuwa kimya kama mtu aliyezuia pumzi ili asikie vizuri.

Kuanzia hapo sikuwa na shaka. Mama alikuwa amekasirika. Nilikuwa nimekatakata kitanda chake nikawapa kuku waharie chaga alizolalia miaka yote ile. Nilianza kusikia mgongano wa mbao kule nyuma hata palipokuwa hakuna upepo. Niliacha kukaa nikiwa nimeupa ukuta wake mgongo. Mtu mzima, mwenye cheti cha shule, nilihamisha kiti.

Asubuhi moja nikamkuta mtetea wa shingo tupu, ambaye kwa kuatamia hakuwa akitoka mbio na wenzake, amekufa. Alikuwa ameketi juu ya mayai yake kumi, hajainuka, kichwa kimelala pembeni kama aliyesinzia kanisani. Ule wekundu wa shingo ulikuwa umekwisha. Ngozi imekuwa rangi ya mshumaa. Mayai yalikuwa bado yana joto, ingawa hapa yai hubaki na joto hata likiwa peke yake, kwa hiyo hilo halikunifariji. Nilipiga magoti mbele ya ubao wa kichwani, harufu ya mbolea ikinipanda puani, nikamwambia mama anisamehe, nitakirudisha chumbani, nitakiosha, nitakifunga tena kama kilivyokuwa, ila tu asiwamalize kuku wake mwenyewe.

"Unaomba kuku msamaha?"

Jirani alikuwa amesimama upande wake wa miiba, kikapu kichwani. Sikuwa na la kujificha nyuma yake, nikamwambia yote. Alinisikiliza bila kucheka, na hilo lilinitisha zaidi. Kisha akaomba nimpe kuku aliyekufa. Akafungua manyoya ya kifua kwa vidole viwili, akapuliza, akatazama ngozi.

"Mama yako nilimwogesha mimi," akasema. "Ilikuwa mtu ya kupatia watu chakula. Haiwezi kula kuku ya mtoto yake. Hii kuna kitu inakunywa damu. Wacha kusumbua mama. Enda kwa daktari ya mbuzi."

Nikaenda. Kwenye agroveti ya mjini, duka la dawa za mifugo, nilihudumiwa na jamaa mmoja mpole ambaye huongea akifuta kaunta. Nilimweleza kuhusu kilemba, damu kwenye mayai, kuku kukataa banda. Ya mama sikuyataja; kwenye kaunta mtu hubaki na akili zake. Akaniuliza kama nimechokora nyufa. Sikumwelewa. Akang'oa karatasi nyeupe kwenye daftari, akaikunja mara mbili, akanionyesha: alfajiri, kabla ya kuwatoa kuku, isukume ndani ya ufa ambapo ufito unashikana na ukuta, uivute, uitazame.

Nilifanya hivyo kesho yake. Karatasi iliingia nyeupe, ikatoka na mstari mwekundu kama wa kalamu ya mwalimu. Nikaleta taa karibu. Kile nilichokuwa nikikiona siku zote kwenye ncha za fito na kukiita vumbi la jivu kilikuwa kinatembea. Utitiri. Maelfu kwa maelfu, wadogo kuliko chembe ya chumvi, walioshiba wekundu, wenye njaa wa kijivu. Mchana hujificha ndani ya mbao, giza likiingia hutoka wakanywa, kukipambazuka hurudi walikotoka. Ndiyo maana mchana nilikuwa nikimpekua kuku, simkuti na kitu.

Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka kuku wakaogopa. Mama hakuwa na hasira na mtu. Nilitoka nikamtangazia jirani juu ya miiba kwamba ni wadudu, wadudu tu, na akaniambia hata yeye alisema hivyo, ila kwa kuwa hajasoma ilibidi nikasikie kwa mtu mwenye kaunta.

Siku hiyo nilifanya kazi kuliko mwaka mzima uliotangulia. Kuku niliwahamishia chini ya mkokoteni mbovu wa jirani. Nikachemsha maji sufuria baada ya sufuria nikamwagia nyufa. Nikatwanga majani ya mwarobaini, nikayaloweka, nikapaka kila ufito. Nikachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa nikapaka kila tundu. Ilikuwa furaha, na nilikuwa nikipiga mluzi. Nikafika kwenye ubao wa kichwani, kwenye zile bolti ambazo sikuwa nimezifungua. Nikazifungua.

Mguu uliachana na ubao kwa mlio mkavu. Ndani ya ungio, mahali ambapo mbao mbili zilikuwa zimekumbatiana tangu siku ya lori la mahindi, palikuwa na kitu cheupe kilichoshindiliwa kama unga uliolowa ukakauka. Nilikikwangua kwa kisu. Yalikuwa maganda. Maganda ya utitiri, tabaka juu ya tabaka, ya zamani yamekuwa ya manjano, ya juu bado meupe, na chini kabisa walio hai. Banda lilikuwa na wiki tano. Tabaka zile hazikuwa za wiki tano. Nikageuza mguu. Upande wa ndani, kuanzia chini kimo cha kikapu hadi juu kwenye chaga, palikuwa na njia nyembamba ya madoa meusi, kama ile inayoachwa na siafu mahali wanapopita kila siku.

Nilikaa chini, kisu mkononi.

Nilirudi agroveti mchana uleule na kipande cha ganda ndani ya karatasi. Nilimuuliza yule jamaa kama hawa wanaweza kumuuma mtu. Alisema wanaweza; wakikosa kuku, au kuku akiondoka kwenye mayai, mtu aliye karibu hutosha. Nikamuuliza kama wanaweza kukaa kwenye kitanda kisicholaliwa, miezi. "Wanajua kungoja," akasema, akifuta kaunta. Kisha akaniambia dawa ipo, atanipa ya unga ya kuwapaka kuku, lakini mbao zilizoliwa hivyo hazisafishiki. "Choma, ndugu yangu. Usipochoma, unafuga wao."

Sikuchoma. Nilimpaka kuku mmoja mmoja dawa ya unga mpaka wakafanana na wapishi wa mandazi, nikafunga bolti, nikamwaga maji ya moto tena. Wiki mbili baadaye karatasi ikatoka nyekundu. Jogoo akafa. Wakabaki saba. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu: kitanda kikibaki, kuku wa mama wataisha; kuku wakibaki, kitanda kiende. Na nyuma ya hilo palikuwa na jingine nililoshindwa kulitazama. Alisema kinatembea. Nilisema hakuna. Sasa nilihitaji mtu aniambie kwamba hakuteseka sana, kwamba alikuwa akilalamika kama wazee wanavyolalamika, kwamba alisahau.

Kwa hiyo nikaenda Kakuma. Nilijua kwamba rafiki yake wa kanisani, yule aliyempa mtetea, alimtembelea katika siku zile za mwisho, wakafungiana chumbani mchana mzima wakiongea. Safari yenyewe sitaisimulia, maana sehemu kubwa nilifumba macho.

Nilimkuta dukani kwake kambini, mwanamke mrefu ambaye hata akiketi unamtazama kutoka chini. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniita weled tai, yaani mwanangu, jinsi alivyokuwa akiniita mbele ya mama, akaniamuru nikae nile kwanza. Baada ya kula nikaomba kuona kuku wake. Banda lake lilikuwa la bati tupu, makopo ya mafuta ya msaada yaliyokunjuliwa na kupigiliwa, na fito zake zilikuwa mabomba ya chuma. Kila mguu uliobeba fito ulisimama ndani ya mkebe wenye mafuta machafu ya gari, mdudu asipande. Niliitazama mikebe ile muda mrefu. Akaniambia alianza kufanya hivyo mwaka jana, kuku wake wote walipoisha ghafla. Walinyonywa damu, alisema. Baadaye ndipo alipojua ni nini.

Mwaka jana mama alikuwa bado hai. Nikamwambia: na yule mtetea wa shingo tupu?

Alielewa kabla sijamaliza, nikaona uso wake ukiingia mahali ambapo wangu ulikuwa tayari. Nikamweleza juu ya kikapu chini ya kitanda, juu ya bolti, juu ya maganda. Nikamuuliza lile nililokuja nalo: kama mama aliwahi kumwambia kwamba kuna kitu kinamtembea.

"Aliniambia," akasema. "Mimi nikasema, mtoto yako iko hapa, mwambie yeye atazame."

"Akasemaje?"

Alianza kukunja kitambaa cha kufunikia mayai, akakikunjua, akakikunja tena. "Alisema: nimeshamwambia. Amesema hakuna kitu. Mtoto wangu amesoma. Akisema hakuna, basi hakuna. Ni mimi mwili wangu unanidanganya."

Nje mtu alikuwa akibishana kwa Kisomali kuhusu ndoo. Nilikuwa nimedhani aliacha kulalamika kwa sababu kilikoma. Hakikukoma. Alinyamaza kwa sababu aliniamini. Alilala pale, kinamtembea kila usiku, akijiambia hakipo, kwa heshima ya kidato changu cha nne.

"Malesh, weled tai," akasema yule rafiki yake. Samahani. "Kuku ilikuwa yangu."

Nikamwambia kuku alikuwa wake, lakini sikio lilikuwa langu. Hakunibishia, na namshukuru kwa hilo. Alisimama akaleta mikebe minne mitupu, akaifunga kwa kamba, akaiweka mapajani pangu kama anayempakata mtu mtoto. Alisema nikirudi nichome kila kitu chenye ufa, nisiweke akiba hata kijiti. Alisema pia kitu kingine, taratibu, akitazama mlangoni: mama yangu asingetaka kulazwa na wale tena, hata kama ni jina lake tu lililobaki kwenye mbao.

Nilichoma alasiri ya siku iliyofuata, nyuma ya nyumba, upepo ukiwa umekufa. Kabla ya kuwasha nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema. Nilileta taa, ingawa jua lilikuwa kali, nikamulika. Ubao wa kichwani, maua yote mawili, kila mguu, kila tundu la bolti, chaga moja baada ya nyingine, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikuacha nusu. Ilichukua muda mrefu na jirani alinitazama bila kusema neno, ingawa najua ulimi ulikuwa ukimwasha. Nilipomaliza, alinyoosha mkono juu ya miiba akanipa kibuyu chake cha mafuta ya taa.

Mvule huwaka polepole. Ua dogo lilitangulia. Mbao ziliposhika moto, kwenye nyufa pakasikika mlio mwembamba wa kutatarika, kama chumvi iliyotupwa kwenye kaango, ukaendelea, ukaendelea, mpaka jirani akaacha kusuka.

"Zilikuwa nyingi," akasema.

"Zilikuwa nyingi," nikasema.

Akatazama moto, kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla wala baadaye kwamba vile vipele aliviona kwa macho yake, akaviosha kwa mkono wake, akasema joto. Nilimwambia sote tulisema.

Asubuhi, jivu lilipopoa, bolti nane zilikuwa humo, nyeusi. Nilikuwa nimeinama kuziokota, ndipo kuku saba walipokuja. Hakuna aliyewaita. Wakaingia katikati ya jivu, wakalala ubavu, wakaanza kujirushia kwa miguu, wakajisugua shingo, wakajigeuza, wamefumba macho, jivu likipenya chini ya kila unyoya. Kuku huoga jivu ili kuwaua wadudu. Mama alikuwa akiwawekea la jikoni kwenye beseni kila Jumamosi. Nilirudi nyuma nikawaachia. Walioga kitanda chote, na hawakunibakizia hata kiganja.

Sasa wako kumi na tisa, pamoja na jogoo mpya niliyemnunua. Banda ni la bati, fito ni za bomba, mikebe minne imesimama na mafuta yake, na kila alfajiri naisukuma karatasi pale bati na bati zinapokutana. Hutoka nyeupe. Ninaitazama pande zote mbili hata hivyo. Kiti changu nimekirudisha kilipokuwa, nimeupa ukuta wa mama mgongo. Jioni nyingine kitu hunitembea mkononi, na mara zote nakunja shati nikatazama. Wakati mwingine ni jasho. Wakati mwingine sijui ni nini, nami siku hizi nikiwa sijui nasema sijui, kwa sauti, kuelekea ukutani.

Jirani ameligundua hilo na amelifanya mchezo wake mpya, maana wa kuchunga ndege umeshazeeka. Nikiwa nimejinyoosha kivulini, yeye upande wake anaanza kujikuna bega, polepole, akilalamika kwa upepo kwamba kuna kitu, ai, kuna kitu. Najua hakuna kitu. Najua anangoja kuona mtu mvivu kuliko wote Nawoitorong akiinuka. Nachukua taa, naruka miiba, namulika.